SOMO LA BUSTANI: Kuchagua Miti Mifupi ya Maua kwa Nyumba ya Nchi Kavu

Kwa Wanachama wote, Unguja na Pemba.

Mkulima wa karafuu anaishi kwa ua, lakini haliachi lichanue. Tunaichuma karafuu ingali imefumba, kwani ikifunguka thamani yake imekwenda. Si ajabu basi kwamba baada ya msimu mtu hutaka mlangoni kwake pawe na maua mengine, yasiyo na pishi wala mzani, ya kutazamwa na kunusiwa tu.

Somo la toleo hili latokana na maulizo yaliyofika ofisini. Wanachama kadhaa wana watoto au wakwe waliohamia Bara kwa kazi ya ualimu, uuguzi na biashara, na baadhi yao wako Mpanda, katika Mkoa wa Katavi. Binti aliyezoea asumini na mrehani wa kwao huandika kwamba uwanja wa nyumba yake ni mtupu, na wazazi wake wanatuuliza wampelekee miche gani.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: kabla ya kuuliza ua gani ni zuri, uliza ni nani atakayelichotea maji mwezi wa Septemba. Jibu kwa urefu ni somo zima lifuatalo. Na wale wenye nyumba katika ardhi ya maweni, upande wa Makunduchi au wa Micheweni, wasilipite somo hili kwa kudhani ni la watu wa Bara. Shida ya maji wanaijua wao pia.

1. MPANDA NI NCHI YA NAMNA GANI

Ukitazama ramani utaona jambo la kushangaza. Mji wa Unguja na mji wa Mpanda viko karibu katika mstari mmoja, yaani nyuzi 6 na kitu kusini ya Ikweta. Jua lipitalo juu ya Forodhani ndilo lipitalo juu ya Mpanda, isipokuwa hufika kule baadaye kidogo. Umbali baina ya miji hiyo ni kiasi cha kilomita 900 kwa mstari ulionyooka. Mtu aweza kudhani kwamba panapo jua moja patakuwa na bustani moja. Sivyo.

Mpanda iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na imezungukwa na misitu ya miombo. Reli ya kutoka Kaliua ilifika huko mwaka 1950, zama za mgodi wa risasi, na mwaka 2012 mji ukawa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi, uliotengwa na Mkoa wa Rukwa.

Mvua ya Mpanda kwa mwaka si haba, hufikia karibu milimita 1,000, lakini Pemba hupata karibu mara mbili ya hiyo. Na tofauti kubwa zaidi haiko katika wingi wa mvua, iko katika mpango wake. Sisi visiwani tuna masika, Machi hadi Mei, na tuna vuli, Oktoba hadi Disemba, na baina yake hatukosi manyunyu. Mpanda ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza yapata Novemba na kumalizika yapata Aprili. Kisha mbingu hufungwa, na kuanzia Mei hadi Oktoba mtu aweza kukaa miezi asione tone.

Mwenye kutaka kujua ukavu huo ni mkali kiasi gani na autazame Mto Katuma pale Sitalike, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mwisho wa kiangazi maji ya mto hupungua hata viboko husongamana kwenye madimbwi yaliyobaki, mgongo kwa mgongo. Ikiwa kiboko mwenye mto anagombea maji, waridi lililo mlangoni litapewa na nani?

Tena udongo mwingi wa nchi ya miombo ni wa kichanga na rutuba yake si nyingi. Maji humwagwa asubuhi, na jioni yamekwisha kuzama. Mkarafuu haustawi katika nchi ya namna hii, wala mlangilangi, kwa sababu miti hiyo ni ya hewa yenye unyevu mwaka mzima. Basi tusiipeleke tukaitesa.

2. KWA NINI MITI IWE MIFUPI

Kwa mti mfupi wa maua tunakusudia ule utoao matawi tokea chini, na ambao ukikomaa, au ukikatwa vizuri, haupiti usawa wa dirisha, yaani kiasi cha dhiraa mbili, karibu mita moja. Sababu za kuupendelea ni hizi.

Kwanza, hauzuii upepo wala mwanga kuingia nyumbani. Pili, mama aliye jikoni aweza kumwona mtoto anayecheza upande wa pili. Tatu, mwizi hapati pa kujificha chini ya dirisha. Nne, mwenye nyumba aweza kuukata na kuutunza akiwa amesimama chini, bila ngazi. Tano, mizizi yake kwa kawaida si ya nguvu kama ya mti mkubwa, hivyo msingi wa nyumba hausumbuki.

Lakini ufupi nao una hila yake. Mti mfupi uliosongamana mpaka chini ni nyumba ya nyoka na ni dari la majani makavu. Wenyeji wa Bara wana desturi ya kufagia uwanja mpaka udongo uonekane mtupu, na wageni wengine huona kwamba hiyo ni kukosa bustani. La. Uwanja uliofagiwa una hekima mbili: nyoka huonekana mapema, na moto wa nyika wakati wa kiangazi haupati cha kushika mpaka ufike ukutani. Basi mwenye kupanda maua Mpanda asiuvunje uwanja huo. Apande kwa mistari au mafungu machache, aache njia pana zilizo wazi, na ukanda unaozunguka kiwanja kwa nje auweke mweupe kabisa tangu Mei.

Na matawi ya chini ya kila mti yakatwe shibiri moja kutoka ardhini, ili fagio lipite na jicho lione.

3. HESABU YA MAJI

Sisi hatupimi karafuu kwa macho. Tunapima kwa pishi na kwa mzani, kwa kuwa macho hudanganya. Kwa nini basi bustani ipimwe kwa macho? Tufanye hesabu ya mfano.

Mtu amepanda miti 12 ya maua yenye kiu, kama waridi na hibiskasi. Kila mmoja anaupa lita 5, mara mbili kwa wiki. Hiyo ni lita 120 kwa wiki, sawa na ndoo 6 za lita 20. Miezi ya Mei hadi Oktoba ina wiki 26. Sita mara 26 ni ndoo 156. Ndoo moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 bila ya chombo chenyewe. Kwa hiyo bustani hiyo ndogo, ya miti 12 tu, imetaka zaidi ya tani 3 za maji katika kiangazi kimoja.

Mahali penye bomba lisilokatika, tani hizo ni fedha. Mahali pa kisima, tani hizo ni kichwa cha mtu, na aghalabu si kichwa cha huyo aliyeamua bustani ipandwe. Ni cha mke, au cha mtoto wa kike aliyepaswa kuwa darasani. Ua halimwambii kiu yake mwenye nyumba aliyekaa barazani. Humwambia anayekwenda kisimani.

Sasa tuigeuze hesabu. Mtu huyo apande miti 10 ya kuvumilia ukavu na miti 2 tu ya kiu. Mwaka wa kwanza yote itataka maji, kwa kuwa mizizi ni michanga, na hapo hapana njia ya mkato. Lakini mwaka wa pili ile 10 itajitegemea, au itataka kidogo sana. Miti 2 ya kiu itataka lita 20 kwa wiki, yaani ndoo moja. Kiangazi kizima ni ndoo 26 badala ya 156. Ndoo 130 zimebaki kisimani, na bustani ingali ina maua.

Tena hiyo ndoo moja si lazima itoke kisimani. Maji ya kuogea, ya kuoshea mboga na ya udhu yote yaweza kuelekezwa kwenye shina la mti. Maji yenye dawa kali ya kufulia au chumvi nyingi yasitumiwe.

Kanuni ya somo hili ndiyo hii: miti ya kiu isizidi idadi ambayo maji yaliyokwisha kutumika nyumbani yaweza kuinywesha.

4. MITI IFAAYO

Mhina. Huu twaujua sote, na ni bahati kwamba ni miongoni mwa miti inayovumilia ukame vizuri. Ukiachwa hurefuka kupita kimo cha mtu, lakini hukubali kukatwa na kuwa ua wa kuzunguka nyumba. Maua yake ni madogo, meupe yaliyofifia, na harufu yake huzidi jioni. Jambo moja la kufahamu: ukiukata mara kwa mara utapata majani mengi ya kupaka lakini maua machache. Anayetaka vyote viwili na akate upande mmoja wa mstari mwaka huu, na upande wa pili mwaka ujao.

Bogenvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Vile vinavyoitwa maua yake, vya zambarau, vyekundu au vya machungwa, kwa hakika ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe cha katikati. Kwa tabia ni mti wa kutambaa, na usipokatwa utapanda juu ya bati. Ukikatwa kila mwaka hukaa chini. Ajabu yake ni kwamba maji mengi na mbolea nyingi huutia majani tu, na kiu kidogo ndiyo huutia rangi. Kwa hiyo Mpanda huchanua wakati uwanja mwingine wote umekauka. Una miiba, basi usiupande karibu na njia ya watoto.

Vinka. Hili ni lile ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, lionekanalo sana katika nyua za pwani. Mmea wake haupiti dhiraa moja au moja na nusu. Asili yake ni Bukini. Huota hata katika udongo mbaya, hustahimili jua kali, na mbuzi hawaupendi. Ndani yake zimepatikana dawa mbili zitumiwazo hospitalini kwa saratani, vinblastini na vinkristini. Lakini mwanachama asije akachemsha majani yake nyumbani. Kile kilicho dawa katika kipimo cha daktari ni sumu katika sufuria.

Mtandamboo. Huu hauna haja ya kuchukuliwa kutoka visiwani, maana huota porini katika sehemu nyingi za Tanzania. Maua yake ni meupe na yananukia kama asumini, majani yake ni mabichi yenye kung'aa, na matunda yake madogo yakiiva huwa na rangi ya zambarau iliyokaribia nyeusi, nayo yaliwa. Ukikatwa wawa ua madhubuti wa miiba, usiopitwa na mbuzi wala kuku. Lakini hapa pana hatari ambayo kila mzazi aijue. Uko mti mwingine uitwao msunguti, wenye maua meupe yanayonukia na matunda ya rangi ileile, nao ni sumu ya kuua. Wawindaji wa zamani waliupikia sumu ya mishale. Tofauti iliyo rahisi kuiona ni miiba: mtandamboo una miiba, msunguti hauna. Anayetaka kuupanda mtandamboo na amchukue mzee mwenyeji, Mkonongo, Mbende au Mpimbwe, amwonyeshe mti kwa kidole. Asiuchukue porini kwa kukisia.

Mshubiri. Si mti kwa maana kamili, lakini hukaa vizuri mbele ya miti mifupi. Huhifadhi maji katika majani yake manene. Aina nyingi huchanua katika miezi ya ukavu, kwa maua yaliyosimama mfano wa mshumaa, na ndege chozi huja kunyonya utamu wake.

Hibiskasi. Lile ua kubwa lenye ulimi mrefu katikati. Huota upesi kwa kijiti, na hukatika vizuri, lakini una kiu. Uhesabiwe katika ile miti 2.

Asumini. Nao uhesabiwe katika ile miti 2. Binti aliyetoka Pemba asiambiwe aiache asumini yake. Lakini aipande shina moja, kando ya mfereji utokao chooni pa kuogea, mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Shina moja lililoshiba lina maua mengi kuliko mashina sita yenye njaa. Kilua chake kwa ajili ya kikuba na kisubiri akija nyumbani likizo.

Mrehani. Huu usiupiganie kiangazi. Panda mbegu mvua zinapoanza, vuna majani na maua mpaka mwisho wa mvua, weka mbegu katika chupa kavu, kisha uache ufe. Mwakani utaanza tena.

Neno moja juu ya nyuki. Katavi ni nchi ya asali, na upande wa Inyonga ufugaji wa nyuki ni kazi ya tangu mababu. Nyuki chakula chake kikubwa ni maua ya miombo, lakini mrehani na mshubiri wa nyumbani humsaidia. Ukipewa hiari, chagua ua la petali moja moja, si lile lililorundikana petali nyingi, kwani katika hilo la pili aghalabu hakuna cha kunyonya. Na miti ipendwayo sana na nyuki isiwe karibu ya mlango wala kitanda cha mtoto.

5. MITI YA KUKWEPA

Si kila mti unaovumilia ukavu ni rafiki. Mwingine unavumilia kwa sababu kila kiumbe kinauogopa.

Oleanda, wa maua ya waridi au meupe, na ule wa manjano wenye maua ya tarumbeta, yote miwili ni sumu kuanzia mzizi mpaka ua. Majani machache yaweza kumdhuru mtoto, na mbuzi wengi wamekufa kwayo. Hata kuni zake zisitiwe jikoni. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isiwe nayo.

Lantana, yenye vishada vya maua ya rangi mbili au tatu pamoja, ni nzuri machoni na huuzwa na watu wa miche. Asili yake ni Amerika. Ng'ombe na mbuzi wakiila huugua, na ndege wakila matunda yake hueneza mbegu mbali. Leo iko mlangoni kwako, kesho iko katika malisho ya jirani, keshokutwa iko ndani ya msitu. Mtu anayekaa karibu na hifadhi ya wanyama isimpitie hata akilini kuipanda.

Waridi la jangwani, lenye shina nene kama chupa, hustahimili ukavu kuliko yote tuliyoyataja. Lakini utomvu wake nao ulikuwa sumu ya mishale. Lifaa katika chungu juu ya kibaraza kirefu, penye watu wazima tu, na mwenye kulikata anawe mikono.

6. KUPANDA: LINI NA VIPI

Hapa ndipo mtu wa visiwani akosapo kwa urahisi. Mazoea yetu ni kupanda masika. Mtu akikata vijiti Pemba mwezi wa Aprili na kuvifikisha Mpanda mwezi wa Mei, amevipeleka siku ileile mvua inapofunga mlango. Mche mchanga utaingia katika miezi sita ya ukavu bila ya mizizi.

Mpanda hupandwa mvua zikishatulia, mwisho wa Novemba au Disemba. Kwa hiyo mche hupata miezi minne au mitano ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi.

Mashimo yachimbwe mapema, Oktoba, upana dhiraa moja na kina dhiraa moja. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Wakati wa kupanda, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, urudishwe kwanza, karibu na mizizi. Samadi mbichi huunguza. Juu ya shimo pafanywe bonde dogo mfano wa sahani, ili maji yasikimbie.

Nafasi ipimwe kwa upana wa mti mkubwa, si wa mche. Mti utakaofika upana wa dhiraa mbili usipandwe karibu na ukuta kuliko dhiraa mbili, ili mtu aweze kupita nyuma yake kufagia, na maji ya kunyweshea yasilowanishe msingi wa nyumba ya udongo.

Juu ya kupeleka miche kutoka huku: mche wenye udongo mizizini hubeba minyoo na maradhi. Sisi tuliokwisha kuona mikarafuu ikifa ghafla hatuhitaji kufundishwa kwamba maradhi ya mimea hayana haya. Hina, bogenvilia, hibiskasi na vinka zapatikana Bara, na kijiti cha jirani wa Mpanda kimekwisha kuizoea nchi. Na ambaye hana budi kupeleka kitu, asikifiche mzigoni. Akionyeshe kwa wakaguzi wa mimea bandarini kabla ya safari, afuate watakalomwambia.

7. UTUNZAJI

Maji. Heri kunywesha mara moja kwa wingi kuliko mara nyingi kwa kijiko. Maji machache hubaki juu, mizizi nayo hupanda juu kuyafuata, kisha jua huiunguza. Maji mengi yazamayo huivuta mizizi kwenda chini. Wakati mzuri ni jioni au alfajiri.

Matandazo. Nyasi kavu juu ya udongo huzuia jua kunyonya maji. Lakini Mpanda ina mchwa wengi, na nyasi kavu ni karamu yao. Basi matandazo yawe membamba, yakae mbali na shina shibiri moja, na yasiguse ukuta wa nyumba. Majivu kidogo kuzunguka shina husaidia. Kiangazi kikikaza, na moto wa nyika ukianza kuonekana, yaondolewe yote yaliyo karibu na nyumba, na mahali pake yawekwe mawe madogo.

Kukata. Bogenvilia na hibiskasi huchanua kwenye machipukizi mapya. Zikatwe mwisho wa kiangazi, mvua zikikaribia, zichipuke pamoja na mvua. Usikate mwezi wa Juni ukaufanya mti utoe majani mapya wakati hauna maji ya kuyalisha. Mtandamboo na mhina uliokusudiwa maua ukatwe baada ya kuchanua.

Mti wa maua ukidondosha majani kiangazi, usiharakie kuung'oa. Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona ubichi chini yake, mti umelala, haujafa. Misitu yote ya Katavi hulala hivyo, kisha huvaa majani mekundu machanga hata kabla ya tone la kwanza kuanguka.

8. MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA MIKUTANO YA MATAWI

Wanachama wanaombwa kuyajibu maswali haya pamoja na wake zao na watoto wao wakubwa, kwani wao ndio wenye ndoo.

(a) Nyumba moja ina ndoo 2 za maji yaliyotumika kila wiki, zifaazo kumwagwa bustanini. Mti wa kiu hutaka lita 10 kwa wiki. Yafaa ipandwe miti mingapi ya kiu?

(b) Kwa nini mche unaopandwa Wete mwezi wa Aprili hustawi, na unaopandwa Mpanda mwezi huohuo hufa?

(c) Mtoto amekuja na matunda madogo ya zambarau aliyoyachuma kichakani. Utatazama nini kwanza katika mti alikoyachuma?

(d) Taja miti ya maua iliyoko kwako sasa. Ipi kati yake ni ya kiu, ipi ni ya sumu, na nani huinywesha?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Mtu akilijibu kwa kweli, huenda akang'oa mti mmoja au miwili aliyoipenda, na kupanda mahali pake mhina au mtandamboo usiodai kitu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na uzuri wa mti mfupi wa maua ni wa kuinamia: kuutazama shina, kuupima kiu, na kujua umenyweshwa kwa jasho la nani.

Anayetaka maelezo zaidi ya kupanda vijiti vya mhina na afike ofisini siku za kazi, asubuhi. Wenye jamaa Mpanda wawapelekee nakala ya somo hili kabla ya mwezi wa Oktoba, ili mashimo yachimbwe kwa wakati, Inshallah.

Wenu katika kazi,

KATIBU